Maisha ya Athanas Ndunguru, Aliyecheza Kila Namba

Mliotoka mbali na mliotoka jirani, Mungu awalipe kwa miguu yenu. Haya ndiyo maisha ya ndugu yetu.

Athanas Cornelius Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 kijijini Kigonsera, wilaya ya Mbinga, kitinda mimba wa Mzee Cornelius na Mama Augustina. Dada yake mkubwa, Emily, ndiye aliyembeba mgongoni, na mgongo wake unakumbuka kwamba mtoto huyo alianza kupiga mateke kabla ya kutembea.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha sekondari ya bweni Songea hadi mwaka 2003. Huko alikuwa kiraka wa timu. Akikosekana beki, yeye. Akiumia kipa, yeye. Mwaka 2002 walikuja wageni wa chuo kimoja cha Marekani kutafuta vijana wa kuwasomesha kwa ajili ya mpira. Siku hiyo mwalimu alimhamisha kila palipotoboka. Wageni wakamchukua rafiki yake Herbert, ambaye alijua winga ya kushoto tu. Kuhusu Athanas mmoja wao alisema, "Huyu anacheza kila mahali. Sijui nimweke wapi." Maneno hayo yaliingia ndani yake yakapanga chumba.

Mwaka 2010 alikwenda Doha kwa kazi ya ulinzi. Alianzia kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, baadaye akawekwa lango la shule moja ya sekondari. Walimu walipoona anavyowarudishia wanafunzi mipira, wakamwomba asaidie timu ya wasichana. Kanisani alikutana na Wanjiru, Mkenya, mfanyakazi wa hoteli kule kisiwa cha The Pearl. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2012, wakapanga nyumba mtaa wa Najma, wakajaliwa Eugene na Augustine. Wanjiru alimtania kwamba ameolewa na timu nzima.

Katika timu ile ya wasichana alikuwamo Velma, binti wa dereva Mutai, Mkenya mwenzake Wanjiru na rafiki yao wa kanisani. Velma alicheza mbele, kati na nyuma, na popote alipowekwa alipendeza. Athanas alipomtazama alijiona. Chuo kimoja cha Marekani kilipoandika kwamba kitamtuma mtu kumwangalia, na kwamba baba yake hataguswa na ada, Athanas alimkataza kuhamahama.

"Chagua namba moja, mwanangu. Anayeziba kila tundu hakumbukwi."

"Kocha, wewe unaogopa kitu ilishapita," Velma alimjibu akicheka. Lakini alitii.

Ijumaa ya tarehe 14 Februari 2025 mgeni alikaa jukwaani, mama mmoja mtulivu. Kipindi cha pili beki aliteguka mguu, nyuma pakabaki wazi. Velma aligeuka, akamtazama kocha wake. Athanas akainua kiganja: baki hapo. Magoli yakaingia mahali palepale, Velma amesimama mbele, mikono kiunoni. Baadaye yule mama alimweleza Athanas kwa upole kwamba Velma akifunga alishamwona kwenye video. Alikuja kuona binti atafanya nini jambo likiharibika. Akaondoka bila kumchukua.

Mutai hakumlaumu. Alimwambia ni mchezo tu, ndugu yangu, na msamaha ule ukamwelemea Athanas kuliko tusi. Tangu hapo hakuinua tena mkono ule, hata kwa salamu. Pale langoni watu aliwaitikia kwa kichwa. Alisali sana, na katikati ya sala Wanjiru alimsikia akiita namba za wachezaji.

Septemba moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa. Katikati ya Novemba Velma alikwenda kumwona.

"Siku ile ulitaka kurudi nyuma?" Athanas alimwuliza.

"Ningerudi, kocha. Lakini nilikuamini."

"Asante kwa kutonidanganya," Athanas akasema, akageukia ukutani. Siku mbili baadaye, Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, Bwana alimwita.

Marehemu ameacha mjane, Wanjiru. Wana wawili, Eugene na Augustine. Dada yake Emily. Na watoto wa watu aliowafundisha. Juzi chuo kingine kimemwandikia Velma kumwuliza anacheza namba gani. Mpaka mwili unasafirishwa kutoka Doha kuja nyumbani alikuwa hajajibu. Anasema kila akitaka kuandika, anageuka kumtazama mtu.

Bwana, mpe mtumishi wako utulivu alioukosa, na wewe ndiwe unayejua mahali pake.