Mwalimu Edmond Balume, Aliyetaka Kujua Mtoto Anajifunzaje

Padri, wazee wetu, walimu, na ninyi nyote mliopanda matope ya Oktoba mpaka hapa Nyabiondo, familia inawashukuru, nayo inaomba mvumilie kusikia maisha ya ndugu yetu kama yalivyokuwa, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda sifa za uongo, na angekuwa hai angemkatiza msomaji.

Mwalimu Edmond Balume alizaliwa hapa Nyabiondo tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa tatu wa Papa Barthélemy na Mama Dorothée, wakulima wa maharage, na tangu utoto hakujua kutulia, akitumwa kuni anarudi na maswali mikono mitupu, hata mama yake akasema mtoto huyu amekanyaga siafu. Alianza shule ya misioni Septemba 1927, akaingia shule ya walimu mwaka 1934, akapata cheti chake Julai 1937, akapewa darasa la kwanza hapa kilimani, akafundisha kwa fimbo kama yeye alivyofundishwa, na hakuna aliyemlaumu, maana wakati ule mwalimu asiyepiga alionekana hajui kazi.

Jumamosi tarehe 10 Julai 1943 alifunga ndoa na Mama Annonciata, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Adelaïde, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1945, mtoto aliyeongea kama chiriku kutwa nzima. Septemba 1951 Adelaïde aliingia darasa la baba yake, na balaa likaanzia hapo, kwa sababu Edmond aliogopa watu wasije wakasema anapendelea damu yake, basi mtoto akikosa alipigwa, na wenzake wakikosa alipigwa wa kwanza, ili wazazi waone haki. Kufikia Pasaka ya 1952 msichana alikuwa ameacha kabisa kuongea mbele ya baba yake, aliongea na mama jikoni, aliongea hata na mbuzi, lakini aliposikia kengele ya baiskeli ya mwalimu kwenye kona, alifunga mdomo na kujificha nyuma ya ghala. Tuseme ukweli, jambo hili lilimla Edmond kuliko ugonjwa uliomwondoa.

Januari 1953 alihamishiwa Buleusa, katika msitu wa Walikale, akaenda na familia yake yote, na huko akawa rafiki wa Papa Léopold, mwindaji, ambaye mbwa wake, kama mbwa wengi wa msitu ule, hawakubweka, hivyo kila mmoja alivishwa shingoni kengele ya mti ili asipotee porini. Edmond aliona kwamba Papa Léopold akigusa tu kengele zile ukutani, mbwa wanasimama wakidondosha mate, hata siku isiyo ya kuwinda, isipokuwa mmoja, aliyewahi kupigwa vibaya katika windo, ambaye alijikunja chini ya kitanda akitetemeka. Ndugu yetu alirudi nyumbani mbio akisema sasa amemwelewa mwanawe, akamwomba padri kitabu, akaletewa kimoja cha Kifaransa kilichoeleza jinsi wataalamu wa Ulaya wanavyofunza wanyama kwa kengele na chakula, akakisoma mpaka jalada likang'oka, akajaza madaftari matano.

Hapo alifanya kosa la mtu mwenye akili nyingi, akaamua kwamba hofu iliyofundishwa kwa kengele itaondolewa kwa kengele ileile, na kila alasiri alipiga kengele ya baiskeli, kisha akaweka mlangoni chumvi kidogo ndani ya jani, chumvi iliyokuwa adimu sana kule msituni. Miezi minane mtoto alisogea hatua kwa hatua, na mwezi wa Novemba akasema «Papa», akalamba chumvi, akaondoka, na mwalimu mzima akacheza uwanjani majirani wakimtazama. Lakini kesho yake ilikuwa neno lilelile, chumvi, na kumpa mgongo, vivyo hivyo wiki kwa wiki, na siku chumvi ilipokwisha neno nalo likaisha. Ndipo Mama Annonciata alipomwambia mbele ya wageni: «Edmond, uyu mutoto haiko imbwa ya Papa Léopold. Haogope kengele, anaogopa weye. Umuombe musamaha.»

Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, na Edmond alizunguka na neno hilo miaka miwili, hali vizuri, halali vizuri, mpaka Jumatatu tarehe 5 Machi 1956, alipovunja fimbo yake mbele ya darasa na kupiga magoti miguuni pa binti yake. Wazee walisema amerogwa, wengine wakawaondoa watoto wao wiki nzima. Adelaïde alimtazama, akatoka nje. Tangu siku ile Edmond hakumpiga mtoto tena, na kila jioni alimuuliza mkewe kama msichana amemtaja, na kila jioni jibu lilikuwa hapana.

Mei 1957 alianza kukohoa damu, na tarehe 20 Juni akafikishwa hospitali ya Kirotshe, ambako pia hakulala, alitembea ukumbini akiwauliza wauguzi walijifunzaje kupiga sindano. Jumapili tarehe 6 Oktoba Adelaïde aliwasili na mama yake, akamkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda akitaka kuinuka, akamwekea mkono kifuani, akasema: «Papa, ulale kwanza. Ulinipiga, na sijasahau. Lakini niko hapa, siendi.» Alilala. Siku tatu binti aliongea, habari za shamba, za mbuzi, za wadogo zake, na yule mtu wa maswali hakuuliza hata moja, akafariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 1957 asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Kirotshe, majirani waliobeba mwili kutoka barabarani mpaka huku juu, walimu wenzake, na Papa Léopold aliyekuja kwa miguu kutoka Buleusa. Edmond, mtoto wako alikuambia ulale, basi lala kwa amani.