Uzi Nilioupimia Matairi

Ndugu zangu, niruhusuni nikae. Wenzangu wametoa ushuhuda wamesimama, lakini magoti yangu yana mambo yake. Nawasalimu wa kanisani na wa msikitini, maana humu kikundini tumo wote. Katika habari hii sitamtaja mtu. Majina yote ninayo, hata la mbwa aliyetubwekea siku ile, ila mwenye habari atajijua.

Baba watoto alipofariki aliniachia pikapu. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, na gari siendeshi. Nikamweka mwanangu kwenye usukani, tukawa tunashuka bonde la Momba kuwachukua akina mama na mpunga wao, tunaupandisha hadi sokoni hapa Tunduma. Siku nyingine tunapeleka soda Vwawa, kwa lami. Tulikula, watoto wakasoma.

Matairi yakaisha, yakawa kipara kama kiganja hiki. Sasa sikieni nilichofanya. Mnajua hapa kwetu mtu akivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, unampa uzi uliopimia mguu wa mtoto, naye anarudi na kiatu kinachokaa. Basi na mimi nikachukua uzi wa katani, nikazungusha kwenye tairi, nikapima na upana wake, nikafunga mafundo. Nikavuka. Nikakuta matairi yenye kashata nzuri, yale meno ya kushika barabara, nikazungusha uzi wangu, fundo likakaa palepale. Nikasema haya ndiyo. Muuzaji hakuniuliza gari linabeba nini, nami sikusema. Simlaumu.

Kumbe ni matairi ya gari ndogo, ya kubeba watu wanne na mkoba. Kwenye lami, nawaambia, yalikuwa raha! Nilikuwa nasinzia mpaka Vwawa. Mwanangu akasema, "Mama, gari leo kama limepakwa samli."

Halafu ikaja siku ya kupanda kutoka bondeni. Magunia yamejaa, akina mama wamekaa juu ya mzigo. Tairi la nyuma lilikuwa limebonyea kwa uzito, ubavu umetokeza nje, na mimi niliona nikadhani ni upepo tu umepungua. Jiwe likauchana ule ubavu. Gari likayumba, likaegemea ukingo wa barabara, mpunga ukamwagikia korongoni. Mwenzetu mmoja, mfugaji wa kule bondeni, akaanguka akavunjika mkono. Hakulia. Aliushika tu akaniangalia. Afadhali angelia.

Gari nikalifungia uani, kuku wakaanza kutaga ndani yake. Sokoni wakanipa jina. "Bibi Uzi! Njoo unipimie kichwa, nataka kofia!" Nilicheka nao, nikifika nyumbani najifungia ndani. Mwanangu alidhani nalilia gari. Mimi nilikuwa najiuliza ni nani atakubali tena kupanda juu ya kitu changu. Na kule chini mpunga wa wenzangu ulikuwa unalala vibandani, kwa kuwa gari lingine halikuwa linashuka.

Siku moja akaja yule yule wa mkono, plasta bado ipo, na kibuyu cha maziwa mgando. Nikaanza kumwomba radhi.

"Mayu, acha," akasema. Kwao ndivyo wanavyomwita mama. "Ng'ombe wa kulima unamnunuaje?"

"Sijawahi kununua."

"Sisi hatuangalii kimo. Tunauliza alikuwa analima udongo gani. Wa kwenye mchanga ukimpeleka kwenye mfinyanzi anapiga magoti. Wewe ulipima kimo. Nenda kaulize."

Akanywa chai akaondoka. Mimi nikaenda kuuliza.

Duka lilikuwa hapahapa Tunduma. Muuzaji akaviringisha matairi mawili, yote yana kashata za kukanyagia vumbi na matope. Akasema, "Bibi, hili ni la gari ndogo. Jepesi, laini, na mafuta mnaokoa. Hili ni la gari la mzigo. Ubavu wake mnene, linataka upepo mwingi, bei iko juu, na gari likiwa tupu litawarusha. Kazi yenu iko wapi?"

Mwanangu akawahi. "Mama, siku nyingi tuko lami. Tuchukue laini."

Na hakukosea, jamani. Siku nyingi tulikuwa lami kweli. Nikakaa juu ya lile tairi gumu nikafikiri, watu wananipita na mizigo yao. Kwenye lami nikichagua vibaya, nitaumwa kiuno. Kwenye mlima nikichagua vibaya, ataumia mwenzangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkono ulivunjikia lami?"

Akalirudisha lile laini. Tukachukua ya mzigo, manne na la akiba.

Tuliposhuka bondeni akina mama walikuwa wamesimama na magunia yao, na hakuna aliyesogea. Yule mwenzetu akatoka katikati yao. Akalizunguka gari, akabonyeza ubavu wa kila tairi kwa mkono mzima, akapiga teke moja.

"Uzi uko wapi?"

"Nimefungia mlango wa banda la kuku."

"Basi nisogezeeni gunia nipandie."

Akapanda wa kwanza, injini bado imezimwa. Wengine wakamfuata.

Matairi yale yanarusha, sitawadanganya. Bila mzigo utadhani umekaa ndani ya kinu na watu wanatwanga. Ninachowaomba, ukienda kununua kitu kitakachobeba watu, useme kwanza kitabeba nini na kitapita wapi, hata kama hujaulizwa. Namshukuru muuzaji aliyeniuliza, na mwanangu aliyekubali. Nawashukuru hata mlioniita Bibi Uzi, maana mliendelea kunisalimia.

Na wewe mwenzangu uliyejificha pale nyuma, sikutaji. Ila unyanyue mkono wako wakuone. Najua haunyooki vizuri. Unyanyue hivyohivyo.