Mwalimu Gu Peilan (1952–2024): Aliyewakataza Wanafunzi wa Shiqiao Kubahatisha C

Ukoo wa Gu bado unasimulia kwamba tofu ya asubuhi ile haikuganda, kwa sababu mzee Gu Changfa aliacha maziwa ya soya jikoni akaenda kumwita mkunga. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, katika mji mdogo wa Shiqiao, mkoa wa Guizhou. Mtoto aliyezaliwa, wa kwanza kati ya wawili, alipewa jina Peilan. Baba yake alipenda kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumgharimu sufuria nne za tofu kwa mara moja isipokuwa huyo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na sekondari mwaka 1965, lakini mwaka uliofuata madarasa yalifungwa nchi nzima kwa misukosuko ya kisiasa. Januari 1969, akiwa na miaka kumi na sita, alipelekwa, kama vijana wengi wa mjini, kulima katika kijiji cha Baiyan, kilomita thelathini na nane kutoka nyumbani, akakaa huko miaka tisa. Huko ndiko alikokutana na Kiingereza, na hakukutana nacho kitabuni. Mwaka 1973 kijiji kilipewa pampu ya maji kutoka ng'ambo. Ilifanya kazi siku nne ikazimika. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na mpunga ulikuwa unakauka. Peilan alikunja karatasi ile, akatembea nusu siku hadi kwa mzee Wei, mlinzi wa ghala la chumvi, ambaye zamani aliwahi kufundisha lugha hiyo na alikuwa na kamusi yenye nusu ya kurasa.

"Herufi zilizobaki ni A mpaka K tu," mzee Wei alimwambia. "Ukikuta neno la mbele ya hapo, utajua mwenyewe la kufanya."

"Nitajuaje, mzee?"

"Tazama majirani zake."

Walikaa na karatasi ile siku kumi na moja. Kulikuwa na neno moja lililorudi kila mstari, *valve*, na kurasa za herufi ya V hazikuwapo. Peilan aliona kwamba kila lilipotajwa, kando yake palikuwa na neno ambalo mzee Wei bado alilikumbuka, la kufungua au la kufunga, na kwenye mchoro palikuwa na kitu kimoja tu cha kufungua na kufunga. Alirudi Baiyan, akakishika kitu hicho, akakizungusha upande wa pili. Maji yakatoka. Wanakijiji walimbeba mabegani hadi kwenye majaruba, naye kwa maisha yake yote hakuhesabu siku nyingine yoyote kuwa ndiyo siku aliyojifunza kusoma.

Mitihani ya kuingia vyuo ilipofunguliwa tena Desemba 1977, alifanya pamoja na maelfu ya vijana waliotoka mashambani, akachaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu, idara ya Kiingereza. Alihitimu mapema mwaka 1980, na tarehe 1 Machi mwaka huo alianza kufundisha Shule ya Sekondari ya Shiqiao. Hakuhama shule hiyo hadi alipostaafu.

Ndoa yake nayo ilikuja kwa njia ya maneno. Luo Jingtao, fundi wa mabasi, alianza kumletea vipuri vya gia ili asomewe maandishi yaliyochongwa juu yake. Alileta mara nane.

"Fundi, neno hili si ulilileta wiki iliyopita?" Peilan alimuuliza.

"Nilisahau, Mwalimu."

"Na wiki ya juzi?"

"Nalo nilisahau."

"Mtu anayesahau hivi asiachiwe breki za basi."

"Ndiyo maana natafuta wa kunikumbusha," fundi akajibu, huku masikio yamemwiva. Walifunga ndoa tarehe 1 Mei 1982, na mwaka 1984 wakajaliwa binti, Siyu. Waliishi pamoja miaka thelathini na minne, hadi Mzee Luo alipofariki mwaka 2016. Hadi siku hiyo alikuwa bado anamwita mkewe "Mwalimu" mbele za watu na "Mama Siyu" jikoni.

Kazi iliyomfanya Mwalimu Gu ajulikane wilaya nzima aliianza Septemba 1996. Alikabidhiwa darasa la wanafunzi hamsini na saba wa mwaka wa mwisho, na katika jaribio la kwanza wastani wao wa Kiingereza ulikuwa alama arobaini na tisa kati ya mia moja na hamsini. Hawakuwa wavivu. Walikuwa na kitabu cha orodha ya maneno ambacho neno lake la kwanza lilikuwa *abandon*, yaani kuacha, na wengi waliacha papo hapo kila walipoanza upya. Aliyejitahidi kupita wote, Yin Caixia, binti wa muuza pilipili, alikuwa amekariri hadi herufi M. Lakini ukimpa aya moja aisome, alikuwa kama mtu aliyepewa matofali elfu mbili bila udongo wa kuyashika. Kwa waliobaki kulikuwa na dawa ya Pang Guoliang, mcheshi wa dawati la nyuma: ukikosa jibu, chagua C.

Mkuu wa shule wa wakati huo, Mzee Kuang, alimwita ofisini.

"Mwalimu Gu, wakaririshe orodha, wape na ujanja wa kubahatisha. Miezi tisa haitoshi kumfundisha mtu kusoma."

"Wamekariri miaka mitano, Mkuu. Wamefika M."

"Na wakifeli?"

"Nitoe darasani. Niweke stoo nihesabu fagio."

"Nitakuweka kweli."

"Najua."

Kesho yake alikusanya vitabu vyote vya orodha akavifungia kabatini. Kila siku aliandika habari moja kwenye stensili na kuidurufu mwenyewe, mikono ikawa myeusi kwa wino kuanzia Septemba hadi Juni. Alichota habari popote: maboksi ya dawa, mikebe ya biskuti, vitabu vya matengenezo vya mumewe, magazeti yaliyofungiwa vyombo. Sheria zilikuwa tatu. Dakika ishirini za kwanza hakuna kamusi. Neno usilolijua, liulize majirani zake. Ukishalipata, liandike kwenye kikaratasi pamoja na sentensi lilimotoka, maana neno peke yake halikai kichwani. Sheria ya nne aliiandika ubaoni kwa chaki nyekundu: C ni marufuku.

Wiki ya kwanza Caixia alisimama kutafsiri habari ya bibi kizee aliyeketi kwenye *bank* akiosha miguu. Alisema bibi alikuwa anaosha miguu benki.

"Mlinzi alikuwa wapi?" Guoliang akauliza, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Gu hakucheka. "Guoliang ameuliza swali zuri kuliko yote ya leo," alisema. "Mlinzi alikuwa wapi? Hayupo. Karani hayupo. Kuna nini hapo karibu?"

Caixia alirudi kwenye karatasi. "Kuna maji. Kuna mawe. Kuna bata."

"Basi bibi ameketi wapi?"

"Ukingoni mwa mto," Caixia alijibu polepole, akakaa chini akiwa bado anaitazama karatasi.

Desemba walifanya jaribio la pili. Wastani ukashuka hadi arobaini na nne. Hapo wazazi walikuja juu. Bwana Yin alifika shuleni na gunia lake la pilipili begani, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, mtoto wangu alikuwa amefika M," alisema. "Sasa hata A hana. Umemfanya nini?"

Mwalimu Gu angeweza kujitetea kwa maneno mengi. Badala yake alimpa kiti, akachukua karatasi ambayo darasa lilikuwa halijaiona, akampa Caixia. Ilikuwa habari ya mzee aliyepotelewa na nyumbu wake sokoni. Caixia aliisoma kimya, kisha akaanza kumsimulia baba yake kwa lugha ya nyumbani, akikwama, akirudi nyuma, akilinyatia neno hadi alipate. Bwana Yin alisikiliza uso umekunjamana. Habari ilipofika mahali mzee anamkuta nyumbu kwa jirani yake, kengele ya chakula ikalia na wanafunzi wakaanza kuinuka.

"Kaeni," alisema Bwana Yin. "Mwacheni amalize. Yule jirani alisemaje?"

Caixia alimaliza. Bwana Yin alilibeba gunia lake, akafika mlangoni, akageuka. "Huyo jirani ni mwizi," alisema. "Mwalimu, endelea." Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyekuja kulalamika, na kila aliyenunua pilipili kwa Bwana Yin alisimuliwa habari ya nyumbu, atake asitake.

Machi wastani ulifika sabini na moja, Mei themanini na tatu. Mtihani wa taifa ulifanyika tarehe 7 hadi 9 Julai 1997, katika joto la kuyeyusha lami, na matokeo yakafika mwishoni mwa mwezi. Mzee Kuang aliyasoma mwenyewe kwenye kipaza sauti cha uwanjani: wastani wa alama tisini na nne, wa kwanza wilayani, na wanafunzi thelathini na mmoja wa darasa lile walipata nafasi vyuoni. Kisha akasema mbele ya shule nzima, "Mimi ndiye ninayestahili kwenda kuhesabu fagio." Muhula uliofuata alinunua mashine mpya ya kudurufu na kumwomba Mwalimu Gu awafundishe walimu wote wanane wa Kiingereza. Baadaye shule nyingine tatu za wilaya zilifuata utaratibu huohuo.

Guoliang alikuja nyumbani kwake akiwa na bata wa kuchoma. "Mwalimu, swali moja nilibahatisha."

"Ulichagua nini?"

"C."

"Ukapata?"

"Nikakosa."

"Vizuri," alisema Mwalimu Gu, akamkatia paja.

Alistaafu Machi 2007. Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, na kuanzia Aprili 2022 alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Muuguzi mmoja, Bi. Pu Wenjing, alikuwa amefeli mara mbili karatasi ya Kiingereza ya kujiunga na masomo ya juu. Mgonjwa alipogundua hivyo, aliagiza aletewe ubao mdogo. Mirija ikiwa mkononi, alimsomesha aya moja kila kipindi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanapigia kura maana ya kila neno. Machi 2024 Bi. Pu alifaulu, na wodi nzima ilikula keki. Mwalimu Gu alikatazwa keki ile na daktari, akaila.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Oktoba. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha binti, Luo Siyu. Mkwe, Ji Hongyuan. Mjukuu mmoja, Ji Ruoxi. Na mdogo wake, Gu Peijun. Ameacha pia wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Miongoni mwao ni Bi. Yin Caixia, anayetafsiri vitabu vya udaktari, na Mwalimu Pang Guoliang, mkuu wa idara ya Kiingereza ya Sekondari ya Shiqiao, ambaye leo asubuhi ameingia darasani kwanza, akafundisha kipindi chake chote, ndipo akaja mazikoni.

Mwalimu Gu Peilan apumzike salama kwenye kilima cha Shiqiao, kando ya mumewe.