Mailo ya Mama Robine

Ndugu, jamaa, marafiki, wateja, na ninyi mliofuata wateja: kwa huzuni kubwa na koo kavu, familia inatangaza kwamba robine, bomba letu la pombe, imefungwa. Mama Clotilde Kisimba, aliyejulikana kutoka Mantapala mpaka Kashikishi kama Mama Robine, mgawaji mkuu wa pombe katika harusi, ubatizo, vilio na kila kusanyiko lisilo na paa, ametutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1962 huko Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mtoto wa tatu wa baba mvuvi na mama mpika pombe. Alibatizwa mwezi uleule. Inasemekana pombe ya siku hiyo iliisha kabla ya ibada.

Alisoma shule ya msingi hapo Kilwa na kumaliza mwaka wa sita mnamo 1975. Hakuendelea. Mwalimu alikuja nyumbani mara nyingi kumuombea arudi darasani, na kila mara alichelewa kuondoka.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Bwana Fabien Mubanga, aliyefika kwanza kulalamika kwamba pombe ya marehemu ni maji. Jumamosi iliyofuata alirudi kulalamika tena.

"Kama ni maji, juu ya nini unarudia?" marehemu alimuuliza.

"Niko na kiu."

Walijaliwa watoto wawili, Cadette na Ruffin. Bwana Fabien alilala katika Bwana mwaka 2011, bila kuondoa malalamiko yake.

Kazi ya marehemu wote tuliionja. Alipika pombe ya mahindi na ulezi, akaichuja, akaijaza katika tupipa tudogo twa chuma pamoja na sukari kidogo, akafunga kabisa. Ndani mule pombe iliendelea kufanya kazi na kujaza hewa. Siku yake ikifika, aliweka robine, na pombe ikatoka na povu kama ya hoteli. Ukifungua mapema, unakunywa uji. Ukichelewa, kapipa kanalipuka. Siku hiyo aliijua yeye peke yake, kwa kupapasa tumbo la kapipa kama mkunga, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa robine, hata binti yake. "Mutu moja, robine moja," alisema, na mkono wa Cadette ukarudi mfukoni.

Mwaka 2017 vita vilimvusha ziwa kwa mtumbwi. Alifika Kenani, kambi ya kupokea wakimbizi upande huu, na kapipa kamoja mgongoni, kamefungwa kwa kitenge. Dada aliyeandika wakimbizi akauliza, "Na huyu mutoto, jina?"

"Hajaiva bado," marehemu alijibu.

Hapa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala alianza upya. Wengi mnakumbuka ubatizo wa mwaka 2018, ambapo kapipa kaliachwa juani na kakapasuka katikati ya wimbo. Watu tulikuwa tumetoka kukimbia, na mlio ule tuliujua kwa jina lingine. Wengine walilala chini ya benchi, wengine walishika njia ya porini na sahani mkononi, na baba mmoja alikutwa mbali sana akiwa amebeba mtoto wa jirani. Marehemu aliwafuata mbio, povu kichwani, akilia na kupiga kelele: "Mama yangu! Rudieni! Ni pombe! Ni pombe tu!" Tangu hapo hakufungua hata kamoja bila kusimama kwanza mbele ya watu na kusema: "Mutasikia sauti. Ni yangu."

Mwezi wa tatu mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Alilazwa, akatibiwa, akakatazwa kubeba vitu vizito. Aliporudi nyumbani alipika tupipa tutatu kwa ajili ya kilio chake mwenyewe, akafunga kila kamoja kwa mkono wake, na siku ya kufungua hakumwambia mtu. Cadette alimuuliza mbele ya jirani, Mama Chewe, na marehemu, kwa heshima ya mgeni, akajibu kwa Kibemba: "Mailo."

Wanaojua Kibemba wameshaanza kusogeza viti. Kwa wengine tunaeleza: mailo ni kesho. Mailo pia ni jana.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Upepo ulizuia boti ya Ruffin kutoka Kilwa, mazishi yakasogezwa, na tupipa tukaendelea kufanya kazi. Familia iligawanyika. Upande wa Kesho unasema pombe imechelewa kidogo tu, povu litakuwa zuri. Upande wa Jana unasema siku ilikwisha kupita zamani, na hautaki kukaa nyuma ya kwaya, ambako tupipa tuko kivulini. Mama Chewe, kama mwenye lugha, aliombwa aamue. "Kwa Kibemba iko wazi kabisa," alisema, kisha akaenda kukaa mbali.

Kwa hiyo baada ya kaburi Cadette atashika robine kwa mara ya kwanza, mbele ya watu waliokwisha kukimbia mara moja katika maisha yao. Hakulala vizuri. Tunawaomba, wapendwa, mkisikia sauti, mbaki mahali mlipo. Wenye moyo mzito washikane mikono. Wenye watoto, kila mmoja ashike wa kwake.

Marehemu anaacha Cadette na mume wake Guylain, Ruffin, wajukuu watano, na ndugu wengi wa robine wasiokuwa na damu naye. Mungu ampokee mahali pa utulivu, naye apumzike huko bila kukimbizwa tena.

Tuliombwa tuchapishe hapa maneno yake ya mwisho, na tunayaweka kama yalivyosemwa. Guylain alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, akasema: "Mama, tuachie neno. Neno la kutuongoza sisi na kizazi chetu, neno ambalo..."

"Guylain, acha kwanza," Cadette alimkata, macho yamejaa machozi. "Mama, ile mailo ni ya nyuma ao ya mbele? Kapipa kakilipuka, watu wote wakikimbia, miye nitafanya nini?"

Marehemu alimgeukia binti yake.

"Sijui. Miye sitakuwa pale."