Goti Nililopiga Fainali ya Iringa

Kina mama na kina dada, mniwie radhi nikisoma. Nimeandika kwanza, kwa sababu bila karatasi nitajionea huruma kuliko ninavyostahili.

Wengi hapa Iyunga mnajua nacheza jujitsu ya Kibrazili, ule mchezo wa kushikana na kukabana chini bila ngumi. Nilikuwa nashinda. Mtindo wangu ni mmoja tu: kusukuma, kumlalia mtu mpaka achoke. Nikafika fainali ya taifa, Iringa.

Mpinzani alikuwa mama wa Kihehe, kanizidi umri mbali. Yeye anakaa chini mwenyewe, anakungoja na miguu. Mwamuzi akasema tuanze. Mama akanyoosha mkono, na mimi nilivyolelewa Uyole, mkono wa mkubwa nikaupokea kwa mikono miwili, goti nikalikunja. Ndugu zangu, nawaambia, kichwa kilikuwa kimeshashuka. Akadaka kola ya koti langu la mchezo, akakaa, miguu ikanizunguka. Nikasukuma, maana ndicho ninachojua, na kila nikisukuma nampelekea shingo aikabe. Nikapiga mkeka, yaani nimekubali kushindwa.

Hakunidanganya, niseme haki. Kupeana mkono ni kawaida ya mchezo, na mwamuzi alishasema tuanze. Mtu mmoja akasema, "Huyu kaja kusalimia ukweni." Watu wakacheka. Labda hata mimi ningecheka.

Nikarudi nikajifungia. Mwenzangu wa mazoezi alishaolewa, kahamia mbali. Nikawa nakabana na godoro lililokunjwa. Mlikuwa mnabisha hodi, nanyamaza mpaka muondoke. Niliwasikia mkisema pengine nimesafiri. Nilitaka kuacha mchezo, na watu pia.

Siku moja shangazi, anayeuza nyanya, akanituma kufuata mzigo Ilula, kule kule Iringa. Pale barabarani nikamwona yule mama anachagua nyanya. Nikajibanza nyuma ya matenga. Akaniona, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Unajificha nini, mimi nimekuja kununua tu."

Nikamwamkia, nikamuuliza nilikosea wapi.

"Goti lilinipa kola," akasema. "Kilichokumaliza ni kusukuma. Mimi naishi kwa kusukumwa. Nikikutana na mtu wa kukaa na kungoja kama mimi, sina kitu. Unafanya mazoezi na nani?"

Nikasema, na godoro.

Hakucheka. "Godoro halina miguu. Njoo kwangu."

Nikawa naenda, kila nikipata nauli. Fainali iliyofuata tulikutana tena, safari hii nikakaa na kungoja kama yeye, nikamshinda kwa pointi. Lakini mguu wake ulichelewa kidogo sana; ungewahi kunizunguka, ningekuwa nasimulia mengine. Kama mimi ni bora kuliko yeye, mpaka leo sijui.

Namshukuru yeye, na ninyi mliobisha bila kujibiwa mkarudi tena. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: ukishindwa, usikimbilie kusema wewe ni dhaifu. Huenda namna yako ya kucheza na ya aliyekushinda hazikupatana, na kosa dogo likapita katikati. Kosa hilo peke yako hulioni.

Jumamosi nitakuwa ukumbini Uyole. Anayetaka aje, hata kama ni wa kulaliwa tu kwenye mazoezi. Mkeka ni mpana, na kwa sasa niko mwenyewe juu yake.