Daktari Rula na Milimita Nne

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye: mimi ni mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kuzaliwa, mwalimu wa shule. Kaka aliponiomba niandike wasifu wake bado aliweza kuketi kitandani, na alinipa sharti moja tu. Jumanne ya tarehe 12 Novemba 2019 isirukwe. Nilimwambia watu huja msibani kufarijiwa, si kusomewa kesi. Akanijibu, "Mwalimu, ukiiruka hiyo, usisome kabisa." Kwa hiyo mtanivumilia. Yapo maneno yanayozunguka kuhusu yeye na muuguzi mmoja, na najua yamefika mpaka hapa kwenye viti vya nyuma. Leo yataisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi bomba, mama yetu karani wa posta. Alipokuwa darasa la tatu alinunuliwa rula ya mbao, na kuanzia hapo mkate wa nyumbani ukawa unakatwa kwa vipimo. Mama alimwachia kazi hiyo kwa sababu iliondoa ugomvi mezani. Mimi niliendelea kugomba, maana yeye alipima urefu tu, wala hakujali kwamba kipande cha mwisho ni ganda tupu, na kipande cha mwisho kilikuwa changu. Jina la Rula lilianzia pale. Likamfuata shuleni na chuoni, na wagonjwa wengi hawakuwahi kumjua kwa jina jingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha udaktari. Mwaka wa pili alifeli somo la viungo vya mwili akarudia mwaka mzima. Kufeli huko aliwasimulia wanafunzi wake kila mwaka, mpaka ikawa akianza wao wanamalizia. Alihitimu mwaka 1993, na mwaka 1999 akawa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 1996. Alimposa wifi yangu, mfamasia, kwa sentensi moja, kisha akaitwa wodini kabla hajasikia jibu. Alirudi kesho yake kuliulizia kama mtu anayefuata majibu ya vipimo. Walijaliwa binti na kijana wa kiume.

Kwa miaka kumi na minane alikata mifupa kwa jicho na mkono. Mwaka 2017 hospitali ikaleta mkono wa roboti wa kuongoza msumeno, na yeye ndiye aliyepelekwa kuusomea. Nitaeleza kidogo, kama alivyonieleza mimi nisiyejua kitu. Goti la mgonjwa hupigwa picha, na daktari hupanga kwenye kompyuta mfupa ukatwe wapi ili goti bandia la chuma likae juu yake. Kisha pini za chuma hukazwa kwenye mfupa wenyewe, na juu yake kuna vijipira vidogo vinavyong'aa. Kamera huvitazama vile vijipira, ikajua mfupa uko wapi. Daktari ndiye anayesukuma msumeno, lakini akitaka kuvuka mstari, mkono wa roboti unakataa. Ni kitu kizuri, kimewasimamisha watu wengi. Ila kamera inaviamini vijipira, haiuoni mfupa. Pini ikigongwa ikasogea, mashine haijui. Itaendelea kuonyesha kijani, na itakuongoza mahali pasipo kwa utulivu ule ule. Ndiyo maana kabla ya kila mkato inabidi kugusa alama ndogo kwenye mfupa kwa ncha ya kipimo, kuhakikisha kwamba mashine na mfupa bado vinakubaliana. Kazi ya dakika moja. Kaka yangu aliwafundisha wenzake dakika hiyo mpaka wakamchoka.

Jumanne ile mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na minane, goti la kulia. Wagonjwa wengine wawili walikuwa wakisubiri nje. Muuguzi aliyekabidhi vifaa alikuwa mzoefu wa kazi, lakini mgeni pale, mwezi wa pili tu tangu ahamie. Marehemu alikuwa amegusa alama mwanzoni, mambo yakawa sawa. Akageuka kuangalia picha, akarudi, akachukua msumeno.

Sista akasema, "Daktari, kiwiko chako kimegusa pini."

Marehemu akatazama skrini. Kijani.

"Iko sawa," akasema.

"Naomba tupime tena, daktari."

"Sista, kijani."

Akakata. Walioshuhudia wanasema hakuna kilichosikika tofauti, msumeno ulilia vile vile, maji yalichuruzika vile vile. Ulipokwisha mkato wa kwanza ndipo alipochukua ncha ya kipimo akaigusa ile alama. Skrini ikageuka nyekundu. Milimita nne, chini ya unene wa penseli, na mfupa ulikuwa umekatwa upande.

Mtaalamu wa mashine, aliyekuwa amesimama karibu na skrini, akasema kwa sauti ya chini, "Itaingia tu, daktari. Chuma kitafunika." Na kweli kingefunika. Mama yule angeamka, angeumwa, angeambiwa ni umri. Kaka yangu aliniambia kwamba alisimama pale, na kwa muda ambao hakuupima, yeye aliyepima kila kitu, alifikiria kunyamaza. Nimeyaandika haya kwa sababu alitaka yaandikwe.

Kisha akasema, "Toeni mkono." Roboti ikasogezwa ukutani. Akaagiza vifaa vya zamani vya kupimia kwa mkono, akaanza upya kuunyoosha ule mfupa. Kazi ya saa moja na nusu ikachukua saa nne. Wagonjwa wawili waliokuwa nje wakarudishwa wodini. Asubuhi yake akaenda kwa fundi cherehani akamweleza yote, kiwiko, kijani, milimita nne.

"Unaniambia ili iweje?" yule mama akamuuliza. "Nikusamehe, au nikushitaki?"

"Nakuambia ujue, mama. Hayo mengine ni yako."

Mama alishitaki kwa uongozi, na ilikuwa haki yake. Goti lake linatembea, lakini halikunji kama lile jingine. Hakuwahi kusema amemsamehe, wala marehemu hakumwomba aseme.

Ijumaa ya tarehe 15 aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Taarifa ilikuwa imeshachapwa. Ilisema pini iligongwa na muuguzi wakati wa kukabidhi vifaa. Ilikosa sahihi moja tu, ya marehemu. Akisaini, anabaki mkuu wa idara, na sista anapoteza leseni.

"Daktari, fikiria," mkurugenzi alimwambia. "Huyu sista ana miezi miwili hapa. Atajipanga kwingine. Wewe ukianguka, idara nzima inaanguka."

Marehemu akasema, "Nipe karatasi tupu." Akaandika kwa mkono sentensi tatu: Kiwiko kilikuwa changu. Aliniambia. Sikumsikiliza. Akasaini chini yake, akatoka.

Alivuliwa ukuu wa idara na kuzuiwa kugusa mashine kwa mwaka mmoja na nusu. Alipelekwa kliniki ya kufunga plasta, na alifunga plasta bila kinyongo. Aliporuhusiwa kurudi chumba cha upasuaji mwaka 2021, alirudi na utaratibu wake: daktari haushiki msumeno mpaka muuguzi aseme kwa sauti kwamba pini haijaguswa. Madaktari wachanga walilalamika kwamba inachelewesha. Aliwaambia waende wakalalamike kwa fundi cherehani.

Sisi nyumbani hatukuyajua haya. Tulijua tu kwamba kaka ameshushwa cheo kwa kumkingia kifua mwanamke. Mke wake alijua tangu jioni ile ile ya Jumanne. Juzi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wifi, hukuniuliza. Ulikuja kunieleza."

Februari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kupungua uzito na kuumwa mgongo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Aliisoma picha yake mwenyewe, akairudisha kwenye bahasha, akasema hii haina mstari wa kukata. Kuanzia Julai aliuguzwa nyumbani. Siku moja mchana mlango uligongwa, nikafungua, nikamkuta sista yule na mkoba wake.

Nikamwambia, "Umekuja kumaliza ulichokianza?"

Alinitazama. Akasema, "Shikamoo, dada. Nimekuja kumchoma sindano ya maumivu. Ni saa nane, na muda wake ni saa nane." Akanipita. Alikuja hivyo kila siku baada ya zamu yake, wiki saba.

Kaka alikuwa amesikia kutoka kitandani. Sista alipoondoka aliniita, akaniambia nifunge mlango, akanisimulia Jumanne ile mwanzo mpaka mwisho, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mimi nilikuwa nimesimama. Alipomaliza nilitafuta kiti.

"Kwa nini hukusema, kaka? Miaka mitano!"

"Mimi nilisema. Niliandika na kusaini. Ninyi mlipenda ile nyingine." Akafumba macho. "Unajua ilianzia wapi?"

Nilijua. Naye alijua. Ndipo alipoitaja kazi hii ya kuandika wasifu, na sharti lake.

Marehemu alifariki Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 2024, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mama yetu mzazi, mjane, binti, kijana wa kiume, mjukuu mmoja, na sisi ndugu zake wanne.

Kabla sijakaa. Habari kwamba kaka yangu alipoteza cheo kwa ajili ya hawara haikutoka hospitalini. Niliitunga mimi, Desemba 2019, kwa hasira ya kumwona mtu wetu ameshuka, na niliisambaza kwa simu kwa watu watatu ambao wote wapo hapa leo. Hakuna aliyeniambia. Nilibuni, nikaamini nilichobuni. Kwa ajili ya maneno yangu sista aliachwa na mchumba wake, akahama mtaa. Haya nimeyachapisha kwenye ratiba mlizoshika, ukurasa wa pili, ili asiyenisikia ayasome.

Sista, umesimama pale mlangoni tangu asubuhi kama mtu asiyejua kama amealikwa. Nilikusingizia. Nakuomba radhi mbele ya mama yangu na mbele ya jeneza la kaka yangu, na huna deni la kunijibu. Kiti kilicho kati yangu na wifi ni chako. Marehemu mwenyewe aliagiza kiwekwe. Njoo ukae. Sote tutakusubiri.

Ukishakaa, ndipo tutamwombea kaka yetu amani, apumzike.