Racheti ya Kufungia Mashine ya Shemeji

Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, simu yangu iliita nikiwa nimeshika pasi. Ilikuwa namba ya mdogo wangu, lakini sauti haikuwa yake. Mtu huyo aliniuliza mimi ni nani kwa mwenye simu. Nikasema ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja. Akasema, "Mzee, njoo." Nilipokuja kuikumbuka pasi, shati la mteja lilikuwa limeshaungua mgongoni.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa injini. Karakana yake ilikuwa nyumbani kwake, chumba cha uani chenye dirisha moja na meza ya chuma. Siku ile alikuwa amepanda gari kwenda mji mwingine kutengeneza jenereta, na mfuko wa vifaa ulikuwa miguuni pake. Gari likapinduka. Yeye tulimleta nyumbani tukamzika. Mfuko haukuonekana tena. Kule karakana, juu ya meza, aliacha injini ya mashine ya kusaga ya mkewe imefunguliwa, boliti zake ndani ya kopo la maziwa.

Mashine hiyo ndiyo inayomlisha shemeji na watoto. Walikuja mafundi wawili, kila mmoja akataka kuibeba injini aende nayo kwake. Shemeji akakataa. Alisema, "Imefunguliwa hapa, itafungwa hapa." Mwishowe fundi mmoja mzee, aliyekwisha kuacha kazi na kuuza vifaa vyake, akakubali kuja Jumamosi. Akaniambia, "Soketi za marehemu, zile za kuvika nati, si zipo kwenye sinia lake? Basi wewe niletee racheti tu. Nzuri." Nikaitikia. Nilipofika njiani nikagundua kwamba sijui nzuri ni ipi.

Ndipo Alhamisi, baada ya sala ya jioni, nikaenda kijiweni. Kijiwe chetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa duka la vioo. Kitasa chake hakijang'olewa, na anayechelewa kufika ndiye anayekikalia. Kinyozi hukaa mwisho kabisa ili aone kama kuna kichwa kinakuja. Katikati hukaa Dalali, anayeuza viwanja, vyumba, na hata vitu ambavyo mwenyewe hajaviona. Pembeni yake ni Mzee Betri, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kuongea chaji haimwishii. Muuza kahawa huweka birika lake mbele yetu, akachuchumaa. Mimi wananiita Pasi, kwa ajili ya kazi yangu. Jioni hiyo nilikalia kitasa.

Mimi si mwepesi wa kusema. Nilipomaliza swali, majibu yalikuwa yameshaanza.

Kinyozi: Racheti ndiyo nini? Ile ya kukazia nati?

Mimi: Ndiyo. Ule mpini ambao ukiurudisha nyuma unalia krrr, na hauutoi kwenye nati.

Dalali: Pasi, umefika penyewe. Usizunguke mji. Chukua Zorkan. Elfu themanini, unalala usingizi.

Muuza kahawa: Elfu themanini mpini?

Dalali: Una meno sabini na mawili huo!

Kinyozi: Mimi nina thelathini na mawili na nyama naitafuna.

Mzee Betri: Wewe? Huna hata ishirini. Ukicheka tunaona mpaka ukuta wa pili.

Dalali: Meno ya ndani, jamani. Yakiwa mengi, unasogeza mkono kidogo tu, inashika. Hata pale injini ilipojibana.

Mimi: Na Ngao Mbili? Nimeiona dukani, ya mpini mwekundu.

Dalali: Hiyo ina meno ishirini na manne. Elfu thelathini na tano.

Kinyozi alichukua kipande cha chaki anachoandikia bei za kunyoa, akapiga hesabu ukutani. Alifuta mara mbili. Kisha akatugeukia kama mtu aliyemkamata mwizi.

Kinyozi: Jino moja la Ngao Mbili ni ghali kuliko jino moja la Zorkan!

Dalali: Si nilisema!

Muuza kahawa: Kwani ananunua meno au ananunua mpini?

Kinyozi: Ngoja kwanza. Meno yakiwa machache, kila moja linakuwa nene. Kwa hiyo la Ngao Mbili ni ghali kwa sababu lina chuma kingi. Kwa hiyo Ngao Mbili ndiyo rahisi.

Dalali: Sasa hivi umesema Zorkan ndiyo rahisi.

Kinyozi: Zorkan ni rahisi kwa meno. Ngao Mbili ni rahisi kwa chuma.

Mimi: Kwa hiyo nichukue ipi?

Kinyozi: Inategemea wewe una njaa ya nini.

Nilikunywa kahawa. Nilikuja na racheti mbili kichwani, na sasa zilikuwa nne.

Muuza kahawa: Na zile zinazotandazwa chini kwenye turubai? Elfu nane tu, hazina jina.

Dalali: Hizo ni za kuvunjia vidole. Kitu kisicho na jina utamdai nani?

Mzee Betri: Nyinyi wote mmepotea. Zote tatu zinatoka kiwanda kimoja.

Dalali: Tumeanza.

Mzee Betri: Kiwanda kimoja, nakwambia! Asubuhi watu wana nguvu, wanatengeneza Zorkan. Mchana wameshiba, wamelegea, wanatengeneza Ngao Mbili. Zamu ya usiku wanasinzia. Hizo ndizo wanaona haya kuziandika jina.

Kinyozi: Nani kakwambia?

Mzee Betri: Akili. Wewe ukinyoa watu usiku huwachongi?

Kinyozi: Mimi sijawahi kumchonga mtu.

Muuza kahawa: Na hili kovu langu la kisogoni?

Kinyozi: Ulitikisika.

Mzee Betri: Kwa hiyo Pasi, usisome jina. Majina yanabandikwa. Wewe ishike, izungushe, usikilize. Ya asubuhi inalia kri, kri, kri, kama ndege. Ya usiku inavuta: krrrooo.

Dalali: Racheti inapiga miayo?

Mzee Betri: Ukiwa na sikio utasikia.

Kinyozi: Na mtu wa asubuhi akichelewa kazini, akaingizwa zamu ya usiku, lakini yeye kalala vizuri?

Mzee Betri alifikiri sana juu ya hilo. Alisema huyo ndiye wa kutafutwa. Racheti yake itakuwa haina jina, bei yake elfu nane, na ubora wake wa elfu themanini. Kisha wakabishana nitamtambuaje mtu huyo katikati ya turubai, na nikaona wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha kazini.

Dalali: Sikiliza, Pasi. Mambo ya ndege na miayo waachie wenyewe. Zorkan inakuja na dhamana ya maisha. Imeandikwa kwenye boksi.

Kinyozi: Maisha ya nani?

Dalali: Ya mnunuzi.

Mzee Betri: Yaani mimi wa miaka sabini na mmoja nalipa sawa na kijana wa ishirini? Yeye anapewa dhamana ya miaka hamsini, mimi napewa ya wiki mbili? Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Muuza kahawa: Labda ni maisha ya racheti yenyewe.

Kinyozi: Haiwezekani. Racheti ikifa, maisha yake yameisha. Na dhamana nayo imeisha. Sasa utakwenda kudai lini?

Dalali: Unadai... Ngoja. Unadai wakati wote mko hai. Wewe na racheti.

Kinyozi: Kama wote tuko hai, nadai nini?

Walicheka mpaka birika likatikisika. Muuza kahawa ndiye aliyenitazama kwanza. Akaacha kucheka, na wengine wakaacha mmoja mmoja.

Kinyozi: Tusamehe, Pasi. Ulimi umeteleza.

Mimi: Hakuna neno. Endeleeni.

Nilisema kweli. Walipokuwa wakiongea juu ya meno na zamu za usiku, nilikuwa siisikii ile simu.

Mimi: Nikifika dukani wataniuliza saizi?

Dalali: Nusu inchi. Sema nusu inchi tu, watakuheshimu.

Kinyozi: Nusu inchi ya urefu? Itashikwaje?

Dalali: Ya kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi! Ipo ya robo, ipo ya tatu kwa nane, ipo ya nusu.

Mimi: Na za marehemu zinachukua ipi?

Dalali: Nusu. Wanaume wote wanatumia nusu.

Mzee Betri: Chukua ya katikati. Ikiwa kubwa, imezidi kidogo. Ikiwa ndogo, imepungua kidogo. Hakuna atakayelalamika sana.

Kinyozi: Soketi si suruali, mzee, kwamba utafunga mkanda.

Wakati huo akapita mwanamke mmoja na ndoo ya nafaka kichwani. Hatukumfahamu. Alitupita, akasimama, akarudi.

Mwanamke: Shikamooni, wazee wangu. Samahani, ile mashine ya kusaga pale nyuma imefungwa kabisa? Hii ni mara ya tatu nakuta kimya. Majirani zangu wameshahamia ile ya ng'ambo ya barabara, mimi miguu inakataa.

Wote wakanitazama. Nikamweleza, polepole, tangu mwanzo. Aliitua ndoo chini kwa heshima, akatupa pole.

Mwanamke: Na sasa mnabishania nini?

Dalali: Racheti gani inunuliwe ili mashine ifungwe Jumamosi. Mimi nimesema Zorkan.

Mwanamke: Marehemu mwenyewe alikuwa anatumia ipi?

Kinyozi aligeuka, akakitazama kibanda chake.

Kinyozi: Jenereta ya kibanda changu alinitengenezea hapa hapa. Nilimshikia tochi saa nzima. Nilikuwa naangalia jenereta.

Dalali: Nadhani ilikuwa nyeusi. Au mikono yake ndiyo ilikuwa myeusi.

Mzee Betri: Pampu yangu aliifungua akiwa amekaa pale alipokaa Pasi. Mimi nilikuwa naongea.

Muuza kahawa: Kikombe alikuwa anakishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una grisi. Hilo nalijua. Alichokishika kwa kulia, sijui.

Na mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, nilitafuta kichwani mwangu mkono wake wa kulia, sikuona kitu ndani yake.

Mwanamke: Mkewe hajui?

Mimi: Sijamwuliza.

Mwanamke: Anaishi mbali?

Mimi: Hapo nyuma tu.

Hapo Mzee Betri aliomba kikombe kingine, na Muuza kahawa akalipindua birika, likatoa mashapo matupu.

Sijui kama wenzangu walielewa. Tangu mazishi, kila siku nimepita kwa shemeji. Nimeuliza juu ya watoto, juu ya shule, juu ya paa linalovuja. Nimepeleka sabuni, nimepeleka mafuta ya taa. Neno moja juu ya mdogo wangu sijalitamka mbele yake, wala yeye mbele yangu. Karakana sijaingia. Nilikuwa tayari kutoa elfu themanini kwa kitu nisichokijua, nisije nikamwuliza shemeji swali dogo kiasi hicho.

Nikasimama. Yule mwanamke akajitwisha ndoo yake, tukaongozana.

Dalali: Akisema Zorkan uje uniambie!

Mzee Betri: Mwulize ilikuwa inaliaje!

Shemeji alikuwa anafagia kizingitini. Alipomwona yule mwanamke na ndoo, alianza kumwomba radhi. Nikamkatiza, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Shemeji," nikasema, "racheti ya mume wako ilikuwa ya aina gani?"

Ufagio ukasimama. Akauegemeza ukutani.

"Sijui, shemeji," akasema. "Jina lilikuwa limeshafutika. Alikuwa anaishika pale palipoandikwa." Kisha mdomo ukamtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ilikuwa inateleza, ile. Ikiteleza anaigombeza kama mtoto. Nikimwambia anunue nyingine, ananuna siku mbili."

Alikaa kwenye kizingiti. Nami nikakaa. Yule mwanamke akaitua ndoo yake, akageuza ndoo tupu ya maji iliyokuwa pale, akaikalia, bila kuombwa, na hakuna aliyeona vibaya. Shemeji alisema mambo mengi jioni ile. Alisema mumewe alivyokuwa akiimba vibaya. Alisema alivyoifungua injini usiku wa mwisho na kuahidi kuifunga akirudi. Mimi nilisema alivyokuwa mdogo, alivyofungua saa ya baba yetu na kushindwa kuirudishia, na nani aliyechapwa badala yake. Watoto walitoka ndani wakasimama kusikiliza, maana habari hizo hakuna aliyekuwa amewasimulia.

Baadaye shemeji alichukua ufunguo, akaingia karakana, nami nikaingia nyuma yake. Alinipa soketi moja kutoka kwenye sinia. Akasema, "Nenda nayo dukani. Racheti yoyote itakayoingia hapa, ndiyo hiyo." Ilikuwa baridi na nzito kuliko nilivyodhani. Mezani, boliti zilikuwa kwenye kopo lao. Nikashika ukingo wa meza ile ya chuma, nikainamisha kichwa. Shemeji akainamisha chake.

Ee Mungu wetu, Wewe uliyetupa na Wewe uliyetwaa, mrehemu mdogo wangu. Msamehe alipokosea, mkumbuke kwa kila alichokitengeneza kikawaka. Mpe pumziko mikono yake. Mtunze mkewe, walee wanawe, na sisi tuliobaki utupe ujasiri wa kumtaja. Amina.